Asili ya Ukoo: Mzee wa Moneygall na Sisi wa Ubungo

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu analo, wala hapana awezaye kulikwepa, nalo ni asili ya ukoo. Wahenga walisema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hali yake yasikitisha kupita huyo, naye ni yule asiyejua kwao ni wapi. Mtu huyo hata akitaka kukubali, hana la kukubali.

Habari yetu yaanza hapa hapa Ubungo. Tarehe 2 Julai 2013, Barack Obama, ambaye wakati ule alikuwa Rais wa Marekani, alifika Ubungo kutazama mitambo ya umeme. Alikuwa mgeni wa Rais Jakaya Kikwete, na barabara ya pwani mjini Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa Ocean Road ikapewa jina lake. Siku zile, sokoni, barazani na darasani, maneno yalikuwa ni hayo hayo: huyu ni mwana wa Afrika Mashariki, baba yake alikuwa Mjaluo, na kwao ni Kogelo katika nchi ya Kenya.

Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni nusu ya kweli. Maana kila mtu ana wazazi wawili, na kila mzazi ana wazazi wake wawili. Ukihesabu hivyo ukarudi nyuma vizazi vitano, waona kwamba mtu mmoja ana wazee 32. Nasi kwa kawaida twamtaja mmoja tu, yule ambaye jina lake tumelichukua, na wale 31 twawaacha gizani. Basi katika wale 32 wa Barack Obama, mmoja alikuwa kijana wa Ireland aitwaye Falmouth Kearney. Leo twataka kuwaeleza jinsi asili ya kijana huyo ilivyotafutwa mpaka ikaonekana, kisha tutazame kazi hiyo ina faida gani kwetu sisi.

Ireland ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza. Hapo kale maskini wa nchi ile walilima vipande vidogo vya ardhi, tena si vyao, bali walivikodi kwa wenye mashamba makubwa. Kwa kuwa shamba lilikuwa dogo, walipanda viazi, maana viazi hutoa chakula kingi katika mahali padogo. Mwaka 1845 viazi viliingiwa na ugonjwa, vikaoza ardhini. Mwaka uliofuata vikaoza tena. Njaa ile iliendelea mpaka karibu ya mwaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao milioni moja wakaihama nchi yao, wengi wao wakavuka bahari kwenda Marekani. Jambo la uchungu ni kwamba wakati huo huo nafaka ilikuwa ikipakiwa melini na kuuzwa nje, kwa kuwa mwenye njaa hakuwa na fedha ya kuinunua.

Katikati ya kisiwa hicho kipo kijiji kiitwacho Moneygall. Ni kijiji kidogo sana. Hata katika siku zetu wakazi wake ni kama 300 tu. Hapo ndipo alipokaa mshona viatu mmoja, jina lake Joseph Kearney. Ndugu yake, Francis, alikwisha tangulia Marekani, akapata shamba katika jimbo la Ohio, na alipofariki aliacha wosia kwamba ardhi hiyo imwendee Joseph. Basi Joseph akasafiri kwenda huko. Mwanawe Falmouth, kijana wa miaka 19 hivi, akamfuata. Alipanda jahazi liitwalo Marmion katika bandari ya Liverpool, akateremka New York mwezi wa Machi mwaka 1850. Akaenda Ohio, akaoa huko, baadaye akahamia jimbo la Indiana, akalima, akazaa watoto, akafa mwaka 1878. Hakuwa mtu mkubwa.

Sasa tazameni jinsi nasaba ilivyoendelea. Falmouth alimzaa binti, Mary Ann. Mary Ann aliolewa katika ukoo wa Dunham, akamzaa Ralph. Ralph alimzaa Stanley. Stanley alimzaa binti, Ann. Ann alimzaa Barack mwaka 1961. Watu wa mataifa mengine wanapotaka kutaja ujamaa huu hulazimika kurundika maneno mengi, lakini lugha yetu ya Kiswahili imekwisha kutuwekea majina yake tayari. Mary Ann ni mtoto wa Falmouth, Ralph ni mjukuu, Stanley ni kitukuu, Ann ni kilembwe, na Barack ni kilembwekeza. Neno hilo moja latosha. Wazee waliotuachia maneno haya bila shaka walikuwa watu waliozoea kuhesabu vizazi vyao, maana mtu hakipi jina kitu asichokihitaji.

Tena angalieni jambo lingine. Katika mnyororo huo mna wanawake wawili, Mary Ann na Ann. Kama watafutaji wangefuata upande wa wanaume peke yao, kama sisi wengi tupendavyo kufanya, Falmouth Kearney asingeonekana kamwe. Jina la Kearney lilikwisha potea siku ile binti yake alipoolewa, lakini damu yake haikupotea.

Labda mtauliza, Je, mambo haya yalijulikanaje? Hayakujulikana kwa siku moja. Mtafuta nasaba mmoja wa Marekani, Megan Smolenyak, alifanya kama inavyopasa: alianza na mtu anayejulikana, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Nchi ya Marekani huhesabu watu wake kila baada ya miaka kumi, na tangu mwaka 1850 karani wa hesabu hiyo aliandika jina la kila mtu huru aliyemo nyumbani, pamoja na umri wake na mahali alipozaliwa. Kadhalika, majahazi yaliyoleta wageni yalikuwa na orodha za abiria wake. Zilikuwapo pia hati za ndoa, za wosia na za mashamba. Kwa karatasi hizo mtu aweza kutoka kwa mjukuu akamfikia babu, na kutoka kwa babu akamfikia baba yake.

Lakini katika kuwatafuta watu wa Ireland huwa pana ukuta, na wengi wamegonga vichwa vyao hapo. Karani wa Marekani alipomwuliza mgeni, «Umezaliwa wapi?», mara nyingi aliandika neno moja tu, «Ireland». Hakuandika kijiji wala wilaya. Ni sawasawa na kumtafuta mtu katika Afrika Mashariki, nawe hujui ila kwamba alitoka Tanganyika.

Tena kule Ireland kwenyewe karatasi nyingi zimekwisha teketea. Mwaka 1922, watu wa nchi hiyo walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za serikali mjini Dublin ililipuka na kuungua. Ndani yake mlikuwa na hesabu za watu za zamani, hati za wosia, na madaftari mengi ya ubatizo, ya ndoa na ya maziko ambayo makanisa yaliyapeleka huko ili yahifadhiwe salama. Siku ile karatasi zilizoungua zilipeperuka angani zikaanguka katika njia za mji. Majina ya vizazi vingi yakawa majivu. Serikali nayo ilikuwa haijaanza kuandika kila mtoto azaliwaye mpaka mwaka 1864, na Falmouth alizaliwa kabla ya hapo kwa miaka zaidi ya 30. Kwa hiyo tumaini lililobaki lilikuwa moja tu: kama kanisa la kijijini halikupeleka madaftari yake Dublin, huenda yakawa yapo hata sasa.

Na kweli yalikuwapo. Mwaka 2007, Kasisi Stephen Neill, mchungaji wa sehemu zile, aliombwa na watafutaji wa Marekani ayachungue madaftari ya zamani ya parokia ya Templeharry, karibu na Moneygall. Akafunua kurasa moja moja, akaona ukoo wa Kearney umeandikwa humo, na Joseph mshona viatu yumo. Hapo ndipo karatasi za Ohio zilipokutana na karatasi za Moneygall, baada ya miaka zaidi ya 150. Naye Barack Obama, tarehe 23 Mei 2011, alikwenda mwenyewe na mkewe katika kijiji kile, akapokewa kama mtoto wa nyumbani aliyerudi.

Katika kazi hiyo tumeona mambo mawili ya kujifunza. La kwanza, usianze na mzee wa zamani ukashuka chini, bali anza na wewe mwenyewe ukapanda juu. Watu wengi hupenda kujitafutia babu mwenye sifa, mfalme au shujaa, kisha wakanyosha nasaba mpaka imfikie. Hiyo si historia, bali ni mapambo. La pili, jina moja halitoshi. Kina Kearney ni wengi kule Ireland, kama vile kina Juma na kina Yohana walivyo wengi kwetu. Mtafutaji hana budi kulinganisha jina pamoja na baba, na ndugu, na umri, na mwaka wa kusafiri, na mashahidi hao wote wakipatana ndipo aweza kusema, «Huyu ndiye».

Sasa turudi Afrika, tuutazame upande wa baba yake. Mwaka 1988 Barack Obama, akiwa bado kijana asiyejulikana, alifika Kenya kwa mara ya kwanza, akaenda Kogelo. Hapakuwa na daftari la kanisa la miaka 200. Palikuwa na bibi, Mama Sarah, mke wa babu yake Onyango. Bibi huyo aliketi akamsimulia nasaba yao, jina baada ya jina, fulani alimzaa fulani, tangu wazee wa Kijaluo waliotangulia mpaka kwa Onyango. Habari hizo Obama alizitia katika kitabu alichokitoa mwaka 1995. Mama Sarah alifariki mwaka 2021, na kama angefariki kabla ya safari ile, sehemu kubwa ya habari ile ingekwenda naye kaburini.

Lakini hata Kogelo palikuwa na karatasi moja. Onyango aliwahi kuwa mpishi na mtumishi katika nyumba za Wazungu, na siku zile sheria ya Kenya ilimlazimu mtumishi kuwa na kijitabu cha kazi. Kijitabu hicho kilikuwapo bado. Ndani yake mlikuwa na jina lake, maelezo ya umbo lake, na maneno ya mabwana zake, huyu akimsifu na yule akimlaumu. Mjukuu aliyekisoma aliweza kumwona babu yake kama mabwana walivyomwona. Lakini jinsi babu alivyojiona mwenyewe, na baba zake walikuwa kina nani, hayo aliyapata kinywani mwa bibi.

Basi hapa ndipo penye neno tunalotaka kuliweka mbele yenu leo. Karatasi na kinywa ni mashahidi wawili, na kila mmoja ana upungufu wake. Karatasi yashika sana mwaka na tarehe, lakini haisemi ila lile ambalo mwandishi wake alitaka kuuliza. Kinywa chashika majina, na tabia za watu, na sababu za kuhama, lakini miaka hukipotea, na siku mwenye kinywa akifa, shahidi huyo hawezi kuitwa tena. Asemaye kwamba Ulaya wana historia kwa kuwa wana vitabu, na sisi hatuna kwa kuwa hatuna vitabu, amesahau moto wa Dublin. Na asemaye kwamba masimulizi ya wazee yatosha, amesahau kwamba wazee hufa.

Jambo hili sisi wenyewe limetupata. Babu yetu alilelewa katika misheni moja tangu utoto wake, naye hakupenda kusimulia habari za kwao. Alipokwisha kufariki, tulikwenda kulitazama daftari la ubatizo. Tuliona mstari mmoja tu: jina la ubatizo, mwaka, na jina la msimamizi wake. Mahali pa jina la baba palikuwa na alama ndogo ya mstari, kama mtu aliyepitisha kalamu upesi akaendelea na mtoto wa pili. Hatujui kama mwandishi hakuuliza, au kama mtoto alishindwa kujibu. Tulirudi nyumbani na huzuni, tukidhani kwamba mambo yamekwisha.

Miezi michache baadaye tulikwenda Temeke kumjulia hali shangazi yetu, aliyekuwa mzee sana. Katika mazungumzo tulimweleza habari ya alama ile. Akacheka, akasema, «Mwanangu, mbona baba yangu alikuwa akimtaja baba yake kila alipokasirika?» Kumbe babu, alipotaka kuapa kwamba jambo ni la kweli, alikuwa akiapa kwa jina la baba yake na jina la mto wa kwao. Shangazi alikuwa akilisikia tangu udogo wake, wala hakuna aliyewahi kumwuliza. Tulichukua daftari la mwanafunzi lililokuwa mkononi, tukayaandika majina yale mawili nyuma ya jalada. Mwaka uliofuata shangazi akafariki. Basi jina la baba yake babu, lililokosekana katika kitabu kikubwa cha misheni, lilionekana katika kiapo cha mtu mwenye hasira. Na kama tungechelewa mwaka mmoja, tungebaki na ile alama ya mstari peke yake.

Tangu siku hiyo, katika chuo chetu cha ualimu, huwapa wanafunzi wetu kazi moja kila mwaka: waandike majina ya wazee wao, upande wa baba na upande wa mama, mpaka kizazi cha tano. Wengi hufika cha tatu kwa upande wa baba, wakasimama. Kwa upande wa mama wengi husimama kwa bibi. Mwanafunzi mmoja alitujibu kwamba aliyejua mambo hayo alikuwa bibi yake, naye amezikwa mwezi uliopita. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, nasi hatukuwa na neno la kumfariji.

Ubungo ni mahali panapohitaji kazi hii kuliko mahali pengi. Kwa miaka mingi kituo cha mabasi ya mikoani kilikuwa hapa, mpaka kilipohamishiwa Mbezi mwaka 2021. Watu wa Kigoma, wa Mbeya, wa Kagera na wa Mtwara waliikanyaga Dar es Salaam kwa mara ya kwanza hapa, kila mmoja na mzigo wake, kama Falmouth alivyoikanyaga New York. Wengine walikimbia ukame, wengine walifuata kazi, wengine walimfuata ndugu aliyetangulia. Wakapanga vyumba, wakaoana na watu wa makabila mengine, wakazaa. Watoto wao hujiita watu wa Dar es Salaam, nalo si kosa. Lakini mtoto wa mtoto wao akiulizwa, huenda akajibu neno moja tu, «Bara», kama yule karani alivyoandika «Ireland», na ukuta ukawa umekwisha jengwa.

Kwa hiyo twawashauri jambo jepesi lisilo na gharama. Chukueni daftari moja la nyumbani. Andikeni jina la kila mzee mnayemjua, na jina la baba yake na la mama yake, kijiji alichozaliwa, mto au mlima ulio karibu nacho, na sababu iliyomtoa huko. Kama hajui mwaka, mwulizeni palikuwa na nini wakati ule: njaa gani, vita gani, daraja gani lilikuwa likijengwa. Msiandike tu mambo ya sifa. Joseph Kearney alikumbukwa kwa kazi ya kushona viatu, na Onyango kwa kazi ya upishi. Tena msiandike daftari moja tu. Andikeni mawili, moja likae mjini na jingine lipelekwe kijijini kwa ndugu, maana tumekwisha ona yaliyowapata wale waliokusanya karatasi zao zote katika nyumba moja.

Jioni ya leo, kabla ya taa kuzimwa, mwulizeni aliye mkubwa kuliko wote nyumbani mwenu: mama yake mama yako aliitwa nani? Akilitaja jina hilo, liandikeni hapo hapo, kabla ya kumwuliza la pili.